Mwaka Nyaruach Alipooa

Habari za kifo cha Nyaruach zilinikuta saluni mjini Kitale, kichwa kikiwa chini ya mashine ya kukausha nywele, nami nimeshakasirika kwa mambo mengine kabisa. Mama Shiru ndiye aliyepiga simu. "Conso, Nya ametuacha," akasema, nikamwambia asiniletee mchezo, maana hata leo mtu akinipa habari mbaya jambo la kwanza ninalofanya ni kumgombeza. Akaniacha nigombe mpaka nikatulia. Ni ini, akasema, alikuwa ameugua muda mrefu huko Juba na akakataza mtu yeyote asiambiwe. Msusi aliponiona ninafuta macho aliniuliza kama ni dada yangu. Nilimwambia ni mtu tuliyelala naye chumba kimoja Dubai, naye akasema "pole" kwa sauti ya mtu aliyetarajia jambo kubwa zaidi, akaendelea kunifungua nywele. Watu hawajui chumba kimoja ni kitu gani. Kwa mwaka ule mmoja nilimjua Nyaruach kuliko ninavyowajua watoto niliowazaa baadaye, na nimeamua kuuandika kabla sijaanza kuusahau au, vibaya zaidi, kuupamba.

Chumba chenyewe kilikuwa Al Nahda, juu kabisa kwenye jengo refu, upande ambao ukisimama roshani unaiona Sharjah ng'ambo ya barabara na foleni ya magari isiyojua asubuhi wala jioni. Vitanda vitatu vya kupandiana, wanawake sita, kila mmoja na pazia lake la shuka kuukuu, na huko nyuma ya pazia ndiko kulikokuwa nyumbani kwako: picha za watu wako, chaja, Biblia, mafuta ya kujipaka. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja, tukakitegea ndoo, na maji yale tulifulia soksi. Kati ya sisi sita nitawataja watatu tu, kwa sababu wengine walikuja na kuondoka hata majina yao yamenitoka. Mimi nilikuwa mlinzi kwenye ghala moja la vipodozi huko Al Quoz, kazi yangu kuwapekua akina dada wafungashaji wanapotoka zamu, kwa kuwa mlinzi mwanamume haruhusiwi kuwagusa. Mama Shiru, mwanamke wa Nyeri mwenye umri wa kutuzaa sote, alikuwa anatandika vitanda hotelini, na akirudi hataki kuona kitanda kilichovurugika. Nyaruach alikuwa mlinzi mwenzangu: basi moja, zamu moja, lango moja. Alikuwa mtu wa Sudan Kusini lakini alisomea Eldoret, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, na "aki" na "ebu" zake zote. Urefu wake ulikuwa shida ya chumba kizima. Miguu ilipita kitanda ikatokeza nje ya pazia, na ukiamka kwenda msalani unaigonga. "Nya, toa reli njiani," Mama Shiru alikuwa akimwambia, naye anaikunja bila hata kuamka.

Urafiki wetu ulianzia kwenye mboga. Duka la Mmisri lililokuwa chini ya jengo liliuza mlukhia kwa mafungu, na siku moja niliyatazama yale majani nikasema, "Huu si ni mrenda?" Nya akasema, "Mrenda gani? Hiyo ni kudra." Tukabishana pale pale, mwenye duka akitukodolea macho, kisha tukanunua mafungu mawili na kila mtu akapika kwa njia ya kwao, mimi na magadi, yeye na vipande vya nyama, tukala sufuria zote mbili. Akiwa anakula aliniambia kwamba kwao mwanamume akishachanjwa chale za utu uzima kwenye paji la uso hakai jikoni na hakami ng'ombe. Kukama ni kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume anaweza kushinda njaa kando ya ng'ombe mwenye maziwa tele, eti kwa kukosa mwanamke wa kumkamia. "Na ujinga huo mnauheshimu?" nikamuuliza. "Sana," akasema, na tukacheka mpaka nikapaliwa. Tulikuwa tunacheka sana miezi ile ya kwanza. Naliandika hili kwa sababu mtu akisoma yanayofuata atadhani tuliishi kwenye matanga mwaka mzima.

Vita vya kwao vilianza karibu na Krismasi, wakati sisi tunagombania nani atapewa ofu siku hiyo. Nya alikuwa na kaka mmoja tu, Peter, mwalimu mjini Juba, hajaoa. Aliuawa siku za mwanzo kabisa, watu wakipita nyumba kwa nyumba wakiwasemesha wenyeji ili wasikie wanajibu kwa lugha gani. Sitataja kabila la Nya wala la waliomuua Peter. Hapo hapo Dubai kulikuwa na watu wa pande zote mbili, walipanda basi moja na sisi hadi Al Quoz bila kusalimiana, na hilo linatosha. Baba yao alikuwa amefariki zamani. Kijijini walibaki mama yake, mdogo wake Rebeka aliyekuwa na miaka kumi na minne, na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Supavaiza alimpa Nya siku moja ya kulia. Siku ya pili alikuwa langoni, macho mekundu, anapekua mikoba, na wafungashaji wanamshika mkono wakipita.

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya mapumziko na ndiyo ikawa siku ya simu. Kijijini kwao mtandao ulikuwa umekufa na vita. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye simu ya setilaiti, na watu walikusanyika kwake kusubiri zamu. Nya anakwangua kadi yake ya simu, anatoka roshani, anafunga mlango wa kioo, na sisi tunabaki ndani tunasonga ugali huku tukisikiliza lugha tusiyoijua. Akimaliza anaingia, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatutafsiria yote, neno kwa neno, hata kikohozi cha baba mdogo anakiiga. Ilikuwa ndiyo redio yetu. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba wanaume wote wenye nguvu wamekwenda vitani, kwamba wanawake ndio wanaolinda mifugo iliyobaki, kwamba mama yake anajenga zizi kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo kwao mwanamke hakuwahi kuigusa. Kwenye vikao walibaki wazee watatu, mmoja wao kipofu. "Vita vimewapa wanawake kazi zote za wanaume," Nya alituambia. Mama Shiru akamuuliza, "Na zile zao za zamani, wamepunguziwa?" "Hata moja," akasema Nya, akaomba apitishiwe chumvi.

Ijumaa moja aliingia asitafsiri kitu. Alipanda kitandani na buti zake na kuvuta pazia. Mama Shiru, ambaye buti juu ya shuka ni kosa la jinai kwake, hakusema lolote, na hapo ndipo nilipojua ni jambo kubwa. Jioni nilimpelekea chai. "Wanataka kumwoza Rebeka," akasema. Nilimwambia Rebeka ni mtoto. Akasema, "Unaniambia mimi?" Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayeeleza kazi ngumu kwa mgeni. Kwao mwanamume akifa bila kuacha mtoto, jina lake haliachwi lizimike. Ndugu yake anamwolea mke. Analipa ng'ombe kwa jina la marehemu, na watoto wa mke huyo, ijapokuwa damu ni ya ndugu mwingine, ni watoto wa marehemu na wanaitwa kwa jina lake. Peter alistahili mke. Lakini mifugo ya nyumba ilikuwa imeporwa, na nyumba isiyo na ng'ombe inatazama mabinti zake. Kamanda mmoja mwenye mifugo mingi alikuwa amemwona Rebeka akichota maji. Ng'ombe atakaotoa kwa Rebeka ndio watakaomwolea Peter mke. "Mama yangu mwenyewe aliolewa hivyo," Nya alisema. "Ila zamani wangemsubiri Rebeka akue kwanza. Sasa kila mtu ana haraka, kila mtu anaogopa kufa kabla mambo yake hayajakamilika."

Mama Shiru aliposikia alisema "Ashindwe!" mara tatu, akaanza kupanga mipango ya kumtorosha mtoto kana kwamba kijiji kile kilikuwa Karatina. Mimi nilitukana tu. Rebeka alikuwa darasa la saba, alitaka kuwa nesi, na picha yake akiwa na sare ya shule ilikuwa imebandikwa juu ya mto wa Nya. Wiki nzima Nya alikuwa akitazama nje ya dirisha la basi na mimi namwacha. Ijumaa iliyofuata alipiga simu mlango wa kioo ukiwa wazi, nadhani alitaka tuwepo. Aliongea maneno machache, akangoja sana, akaongea tena. Kisha akaingia, akaketi juu ya ndoo yake. "Nimewaambia ng'ombe nitanunua mimi," akasema. "Nimewaambia mimi ndiye nitakayemwolea Peter mke, na Rebeka asiguswe." Akatueleza kwamba wanawake waliowahi kuoa hivyo kwao wapo, wachache, kina mama watu wazima waliokosa watoto na wenye mali, na wanaheshimiwa, watoto wanawaita baba. Lakini msichana wa umri wake, mlinzi wa lango kwenye nchi ya watu? Hilo halikuwahi kusikika. "Na wamesemaje?" nikauliza. Baba mdogo alikuwa amekohoa, akawauliza wale wazee wenzake wawili, akarudi kwenye simu na kusema: "Wanaume wamekwisha. Basi, wewe ni mwanamume."

Jamani, tulivyoshangilia! Nakumbuka Mama Shiru akipiga vigelegele mpaka mtu wa chini akagonga dari na ufagio. Tuliona vita vimefungua mlango ambao amani haikuwahi kuufungua, na kwamba rafiki yetu amepita hapo kichwa juu. Hata leo nikikumbuka siku ile moyo unaruka kwanza kabla akili haijaukamata. Kuanzia hapo Nya alichukua kila zamu ya ziada iliyopatikana. Alichopata alikipeleka kwa Wasomali wa hawala, wale watuma pesa wa kule Deira, na kule kwao baba mdogo akanunua ng'ombe mmoja mmoja kutoka kwa watu waliokuwa wanakimbia.

Halafu yakaja mazungumzo ya mahari. Ukoo mmoja wa jirani, uliokuwa umenyang'anywa mifugo yote na kukaribia kufa njaa, ulikuwa na binti aitwaye Tabitha. Kwao mahari hayatajwi kwa idadi tu. Kila ng'ombe anaitwa kwa rangi yake, na rangi hizo zina majina mengi kuliko vitambaa vya soko la Naif: mweupe mwenye shingo nyeusi, wa rangi ya jivu, wa madoadoa, mwekundu mwenye mkanda mweupe tumboni. Asiyeyajua majina hayo hana la kusema kikaoni, watamlaghai. Nya aliyajua yote kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiwakama. Nilimwona kupitia kioo, bado na sare ya zamu ya ziada, suruali ya bluu na buti za kiume zilizomkaa kuliko mlinzi yeyote wa kampuni, anazungumza kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia, mkono mmoja ameuinua juu ya kichwa ameupinda kama pembe, namna wanaume wa kwao wanavyofanya wakimsifu fahali. Mzee wa Kihindi wa roshani ya jirani alitoka kutazama kuna nini. Nya hakumwona. Alikuwa anakataa ng'ombe mmoja aliyedaiwa, anampendekeza mwingine, anacheka kicheko kifupi, anakataa tena. Aliniambia baadaye kwamba yule mzee kipofu alikuwa ameuliza, "Huyu kijana anayezungumza ni mtoto wa nani?"

Siku ile ile mama yake alichukua simu. Nilikuwa nimetoka roshani kuanika soksi, nikaisikia sauti yake ikivuja kwenye simu, nyembamba na ya haraka, na nilimwona Nya akikunja uso. Alimjibu kwa maneno mawili matatu, upande wa pili wanaume wakacheka, na simu ikarudi kwa baba mdogo. Alipoingia nilimuuliza mama alitaka nini. "Alitaka kuniambia kitu kuhusu yule binti," akasema huku anafungua kamba za buti. "Nimemwambia asubiri, haya ni mazungumzo ya ng'ombe. Mwanamume akianza kuzungumzia mke na mama yake mbele ya wazee watamwona mtoto, kesho watarudi kwa kamanda." Niliona ana haki. Alikuwa anatembea juu ya kamba na sisi sote tulikuwa chini tunamwangalia asianguke. Ila siku zilizofuata hakumpigia mama yake kando. Alisema akifanya hivyo wazee watajua, maana simu ni moja na iko mikononi mwao.

Mchezo wa kumwita bwana harusi niliuanza mimi. Nilikuwa nampakulia ugali wa kwanza, Mama Shiru anamsogezea kiti, kile kiti kimoja cha plastiki tulichokuwa nacho, na tunamwambia, "Karibu bwana harusi, mwanamume hakai jikoni." Alikuwa anacheka. Kisha nikaona hacheki tena, anakaa tu. Zamu yake ya kupika ilipofika alikuwa amechoka, tukampikia. Ikafika tena, tukampikia tena. Akawa anakohoa kabla ya kuingia chumbani. Wallahi sisemi uongo, alikuwa anakohoa kile kikohozi cha baba mdogo, na dada mmoja aliyekuwa anabadili nguo alijifunika haraka kabla ya kukumbuka kwamba ni Nya. "Huyu msichana wetu ataota ndevu," Mama Shiru aliniambia jikoni, na hakusema kwa utani.

Palikuwa pia na Kato. Kato alikuwa Mganda, dereva wa basi letu, mtu mpole anayenyoosha shati lake vizuri, na tangu mwaka unaanza alikuwa akimwekea Nya kiti cha mbele ili miguu yake ipate mahali. Wakati mwingine kulikuwa na sambusa mbili juu ya kiti, kwenye karatasi. Mwezi wa Ramadhani, yeye akiwa amefunga, sambusa zilikuja vile vile. Siku aliyomwambia anataka kwenda kuwaona watu wake nilikuwa kiti cha nyuma yao, nikajifanya nimelala. Nya alimjibu, "Nyumba yetu haina mwanamume mwingine, Kato. Siwezi kuoa na kuolewa mwaka mmoja." Kato akacheka. Halafu akamtazama kwenye kioo, akaacha kucheka, akarudisha macho barabarani. Baada ya wiki chache aliomba kuhamishiwa njia nyingine. Dereva mpya alikuwa anatupigia kelele za "yalla, yalla" hata tukiwa tumeshapanda. Nilimwambia Nya amepoteza mtu. Akasema, "Nimempata Rebeka."

Harusi ilifanyika kwa simu. Tulipika pilau, Mama Shiru akanunua keki ndogo, Nya akaoga na kuvaa sare safi kwa sababu alisema ndiyo nguo yake ya heshima. Safari hii aliweka sauti ya nje. Tulisikia ngoma kwa mbali, ng'ombe wakilia, wanawake wakiimba, wazee wakiongea mmoja mmoja, na Nya akijibu. Mwisho walimpa bi harusi simu amsalimie. Ilitoka sauti ndogo, ikasema neno moja. Nya akamuuliza kitu. Kabla msichana hajajibu, baba mdogo akadakia na kusema, na Nya akatutafsiria: "Nimemuuliza ana miaka mingapi. Baba mdogo anasema amekomaa." Kisha ile sauti ndogo ikarudi yenyewe, haikuwa imeombwa. Ikauliza kitu. Nya akasita. "Anauliza atakaa nyumba ya nani," akatuambia, akamjibu yule msichana kwamba atakaa kwa mama yake Nya, atakuwa mtoto wa nyumba. Simu ikakatika. "Nya, huyo ni mtoto," Mama Shiru alisema. Nya akasema simu za setilaiti hufanya sauti zote ziwe nyembamba. Tukakata keki.

Haukupita muda Tabitha alihamishwa kutoka kwa mama na kupelekwa nyumba ya baba mdogo. Nya aliambiwa kama mtu anavyoambiwa hali ya mvua. Alipiga simu hapo hapo, mchana, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, nami nimesimama karibu. Alisema yeye ndiye mume, ni yeye aliyelipa ng'ombe, na anaamuru mke wake arudi kwa mama na aende shule pamoja na Rebeka. Baba mdogo hakukasirika. Nya alinitafsiria akiwa bado ameshika simu, na mpaka leo ule upole wa mzee ndio unaoniudhi kuliko kitu chochote. Alisema: "Mwanangu, umefanya kazi ya mwanamume vizuri sana. Hii iliyobaki tuachie sisi." Alisema jina la Peter halitazaliwa na hawala. Alisema mwanamume mwenye nyumba hukaa nyumbani kwake, na kama hapendi, njia anaijua, aje. Ofisi ilikuwa imeweka pasipoti zetu kwenye kabati, mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na uwanja wa ndege wa kule kwao ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Nya alirudi langoni akaendelea na mikoba. Ile jioni alipika yeye, bila kuambiwa, akachoma chakula chote.

Kisha mapigano yakafika kijijini na ile simu ikawa haiiti. Ijumaa ya kwanza, haiiti. Ya pili, haiiti. Nya alikwangua kadi baada ya kadi, anasimama roshani na joto lile linalochoma mapafu, anabonyeza namba zile zile. Aliacha kukohoa mlangoni. Aliacha kukaa kwenye kiti. Kiti kikabaki katikati ya chumba na hakuna aliyekitaka. Basini alikuwa akiwatazama wale vijana wa upande mwingine, na siku moja mmoja wao, kijana mrefu kama yeye, alimwambia kwa Kiarabu cha Juba jambo fupi. Nilidhani amemtukana, nikasimama. Nya akanivuta nikae. "Amesema na wao hawajui watu wao wako wapi," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuona wanazungumza.

Namba ya Kenya ilitokea kwenye simu yake Ijumaa moja baada ya sala ya mchana. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Nya aliposikia sauti alipiga ukelele uliotuinua sote. "Rebeka! Ni Rebeka! Yuko Kakuma, amefika, amefika kambini!" Tulimwangukia. Mama Shiru alikuwa anaomba kwa Kikikuyu, mtu fulani amekaa juu ya mchele wangu, na Nya akaweka sauti ya nje, akaketi sakafuni katikati yetu, akaanza kututafsiria kama Ijumaa za zamani, machozi yakimwingia mdomoni. "Anasema mama yuko naye. Miguu imemvimba lakini yuko naye. Anasema walitembea, wakapanda lori, wakatembea. Wamepewa hema. Ameuliza shule na wamemwambia ataanza mwaka mpya." Kila sentensi tuliishangilia. Rebeka alikuwa ameponea, hajaolewa, yuko hai, ataenda shule. Kila kitu Nya alichokitaka mwaka ule alikuwa amekipata.

Kisha akamuuliza kitu, na ndani yake nikasikia jina la Tabitha. Rebeka alipojibu sauti yake ilikuwa ya chini na ya haraka. Nya alisikiliza. Kisha akaendelea kutafsiri.

"Anasema Tabitha hakuja. Alikuwa mjamzito, hakuweza kukimbia. Baba mdogo alisema mtoto wa Peter hatapelekwa kwa wageni, akaenda naye upande wa kinamasi. Waliochomewa ni upande huo. Anasema hakuna aliyetoka."

"Nya, basi, mama," Mama Shiru alisema. "Si lazima utuambie." Nya alimwinulia kiganja, kama tunavyomsimamisha mtu langoni.

"Anasema walikuwa wanakaa dawati moja. Tangu darasa la kwanza. Anasema Tabitha ni mdogo kwake."

Nikaangalia ile picha ya shule juu ya mto. Niliogopa kumtazama Nya.

"Anauliza kwa nini sikumuuliza yeye. Nimemwambia nilikuwa nazungumza na wazee, kwamba ndivyo ilivyokuwa lazima. Anasema anajua. Anasema miezi yote ile nilizungumza na wanaume peke yao, na yeye na mama wamekaa pale pale, wananisikia."

Kwenye simu Rebeka alikuwa amekwisha kulia, anazungumza wazi sasa, pole pole, sentensi moja moja, na Nya anaifuata kila moja kwa Kiswahili kwa sauti ile ile aliyotumia kuita majina ya wafungashaji asubuhi.

"Anasema mama alijua. Siku ile alichukua simu ili aniambie, na mimi nikamwambia asubiri."

Akasikiliza tena.

"Anasema mama yuko hapo pembeni yake. Anauliza kama sasa anaruhusiwa kusema."